Tingatinga Hufika Mwisho

Wasee, kuna video ambayo nyote mmeiona. Tingatinga la manjano, mabati yanalia, mama ameketi juu ya godoro katikati ya barabara, watoto wamevaa sare na hawajui kama leo kuna shule. Anayerekodi anasema, "Oneni vile Wakenya tunafanyiwa." Kufikia jioni imezunguka kila mahali. Kufikia Jumatatu tumesahau, kuna kashfa mpya mjini.

Mimi natengeneza kontenti, kwa hivyo najua vizuri kwa nini video kama hizo zinatembea. Zina sauti, zina machozi, zina mtu wa kulaumiwa. Lakini kuna maoni nimeyabeba tangu mwaka jana na leo nayatua hapa: tingatinga hufika mwisho. Likifika, mengi yameshaamuliwa. Kabla yake kulikuwa na karatasi. Ilibandikwa mlangoni au kwa nguzo ya stima, ilikuwa na tarehe, na kati ya hiyo tarehe na siku ya tingatinga kulikuwa na muda ambao mtu angefanya kitu. Huo muda haurekodiwi na yeyote, kwa sababu karatasi hailii.

Kuna watu ambao kazi yao ni hiyo karatasi. Wanaitwa mawakili wa msaada wa kisheria. Siongelei wale wa suti kwa runinga wanaotetea wanasiasa. Naongelea wale wa kuketi kwa kiti cha plastiki na kumuuliza mama mboga, "Hii uliipata lini?"

Hebu niwaambie nilivyowajua.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda. Nikahamia bedsita huku Eastlands, nikaanza kupiga video za watu na zangu. Mwaka jana mteja mmoja alikaa na pesa yangu miezi miwili. Kodi ikalala mwezi mmoja na nusu. Nilimweleza keateka, nikatuma kiasi nilichokuwa nacho, nikadhani tumeelewana. Jumanne moja jioni nikarudi nikapata kufuli ya pili imewekwa juu ya yangu. Ndani kulikuwa na laptopu, taa, stendi ya simu, nguo zangu zote, na sufuria ya maharagwe niliyokuwa nimechemsha. Bila laptopu siwezi kuhariri. Nisipohariri silipwi, nisipolipwa sina kodi. Yaani mtu anakudai, halafu anafungia kile kitu ambacho kingemlipa.

Nilikuwa tayari kutafuta nyundo. Mathe anayeuza mboga pale chini ndiye aliyenishika mkono. "Kijana wangu, usivunje hiyo kufuli. Ukivunja, wewe ndiye utakuwa na kesi. Alhamisi kuna wakili hukaa kwa ukumbi wa kanisa, hatozi pesa. Nenda na karatasi zako zote." Karatasi zangu zote zilikuwa meseji za M-Pesa. Nililala kwa rafiki siku mbili, Alhamisi nikaenda.

Nilitarajia mzee wa miwani. Nikapata dada wa miaka thelathini hivi, viatu vya raba, mkoba mkubwa, kalenda ya ukutani ameitandaza juu ya meza. Hakuniuliza nadaiwa ngapi. Aliuliza, "Hiyo kufuli iliwekwa tarehe ngapi, saa ngapi, na nani aliona?" Halafu akasoma meseji zangu za M-Pesa moja baada ya nyingine, akiandika.

Akanieleza kwa lugha ya kawaida. Deni ni deni, utalipa. Lakini kudaiwa ni kitu kimoja na kufukuzwa ni kingine. Mpangaji akiwa bado anakaa kwa nyumba, mwenye nyumba anayetaka atoke anafaa kwenda mahakamani, si dukani kununua kufuli. Kama unalipa mwezi kwa mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema notisi ya kumaliza upangaji isipungue mwezi mmoja. Na kama anataka kuchukua mali yako kwa sababu ya kodi, kuna utaratibu wake, na unapitia kwa dalali mwenye leseni. Keateka si dalali.

Aliandika barua ya ukurasa mmoja. Halafu akampigia landilodi simu mbele yangu, kwa heshima kabisa: "Habari yako, mzee. Naongea kuhusu huyu kijana wa nyumba yako ya orofa ya nne." Hakupiga kelele. Alimwambia sheria inasema nini, akampa mpango wa malipo wa wiki sita. Ijumaa mchana kufuli ilitoka. Wiki sita baadaye sikuwa na deni.

Nilirudi kumwomba nimfanyie video. Akakataa. "Hawa watu wanakuja na aibu ya kodi. Ukiwaweka mtandaoni, landilodi anayefuata atawakataa. Ukitaka kujifunza, keti hapo nyuma. Simu iwe kwa mkoba, na nikikuambia utoke, utatoka." Nikaketi Alhamisi nne. Ninayowaambia sasa ni yale aliyoniruhusu niseme, bila jina la mtu yeyote.

La kwanza nililoona ni kwamba kila mtu anayeketi mbele yake anataka kuanza na hadithi, na yeye anaanza na kalenda. Mwingine ameweka notisi ndani ya Biblia wiki tatu kwa sababu imeandikwa Kiingereza kigumu na ina muhuri, na muhuri unatisha. Mwingine amempa mwanawe wa darasa la saba amsomee. Mwingine hana notisi kabisa, ana meseji ya keateka inayosema "mwisho Ijumaa." Wakili anaweka kidole juu ya tarehe, anahesabu siku zilizobaki, anaziandika kwa kalamu nyekundu. Baada ya hapo ndio anasema, "Sasa niambie."

La pili ni Ijumaa. Anayetaka kukutoa bila utaratibu anajua kalenda ya mahakama kukuliko. Anakuja Ijumaa jioni, kwa sababu Jumamosi na Jumapili ni vigumu kupata wa kukusikiliza. Kufikia Jumatatu asubuhi mlango hauko, mabati hayako, na wewe uko kwa shangazi Kayole ukiwa na watoto watatu. Ndio maana wakili huyu hapangi kitu kingine Ijumaa mchana. Anakaa na simu yake. Kwa kesi za dharura, stakabadhi zinatumwa kupitia mfumo wa mahakama wa mtandaoni, na amri ikitoka lazima ifike kwa mkono wa mtu: kwa mwenye ardhi, kwa mwenye tingatinga, kwa mkubwa wa kituo cha polisi. "Amri ambayo haijamfikia mtu," alisema, "ni karatasi nyingine tu."

Siku ya mwisho nilimuuliza kama kazi yake ni kuokoa nyumba za watu. Akacheka. "Mimi siokoi nyumba. Mimi natafuta siku."

Kwanza niliona ni jibu dogo. Halafu nikapiga hesabu. Chukua mama anayelipa chumba cha 6,000. Ameshindwa na mwezi mmoja, ametolewa. Ili apate chumba kingine cha bei hiyo hiyo anahitaji kodi ya mwezi na dipositi, hizo ni 12,000. Ongeza pikapu ya kubeba vitu, sema 2,500. Huyu mtu aliyekosa 6,000 sasa anatakiwa kuwa na 14,500 kabla ya jua kutua. Haiwezekani. Kwa hivyo anajibanza kwa ndugu, vitu vinabaki nje na nusu vinaibiwa, mtoto anaacha shule ya karibu, biashara ya pale chini inapoteza wateja. Hivyo ndivyo mtu anakosa makao Nairobi. Mara nyingi halali barabarani. Anapotea pole pole ndani ya nyumba za watu wengine.

Sasa mpe mama yule yule siku thelathini. Chama kinazunguka kinamfikia. Dadake aliye Kitui anatuma kidogo. Muhula unaisha, mtoto anahama shule kwa mpango. Anaweza kuhama bado, na wengi wanahama. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuhama na kutupwa, na hiyo tofauti ni siku.

Na msidhani wakili huyu anawachukia malandilodi. Kuna mzee mmoja aliyekuja mwenyewe kwa ukumbi, amestaafu, ploti yake ya vyumba kumi na viwili ndiyo pensheni, na wapangaji watatu hawajalipa tangu Krismasi. Alisikilizwa kama mtu mwingine yeyote. Wakaketi meza moja, wakaandika mpango, wawili wakalipa pole pole, mmoja akakubali kutoka mwisho wa mwezi. Kesi kama hizo hazifiki mahakamani kabisa. Nyingi ya kazi yake ni hiyo: simu, barua, meza, chai.

Lakini sheria yenyewe ina mashimo, na hapa ndio nawaomba mkasirike kidogo. Tuna Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296. Ina jopo lake, mpangaji anaweza kwenda huko kulalamika. Lakini inalinda nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Soma tena hiyo nambari. Bado kuna vyumba vya mabati vya bei hiyo, lakini ukishaingia chumba cha mawe chenye choo ndani, umetoka kwa huo mwavuli. Keja ngapi unajua za 2,500? Hilo si swali la mzaha. Wengi wetu tunaosoma hii tuko nje.

Wanaoishi kwa ardhi bila hati nao wana kifungu chao. Tangu marekebisho ya 2016, Sheria ya Ardhi inataka notisi ya maandishi ya angalau miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu. Inaruhusu aliyepewa notisi kwenda kortini. Siku ya kuondolewa, wanaofanya hiyo kazi wajitambulishe, waonyeshe idhini, wazee na watoto na walemavu waangaliwe, na wenyeji wapewe nafasi ya kwanza ya kubomoa wenyewe na kuokoa mabati yao. Zote hizo zimeandikwa. Sasa linganisha na ile video yako ya tingatinga.

Nikiandika haya najua kuna mtu ataleta ile komenti: "Lakini si walijenga kwa shamba ya wenyewe?" Sawa, tuongee. Hakuna wakili niliyemsikia akisema mwenye ardhi hana haki. Katiba yetu ya 2010 inalinda mali kwa Kifungu cha 40. Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao yanayofaa. Swali la wakili si nani atabaki na shamba. Swali ni njia gani inatumika, na nani anapewa muda wa kutoa watoto ndani.

Tafuta kesi ya Mitumba. Si nguo, ni kijiji. Kilikuwa karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, zaidi ya familia 3,000, na shule yao. Septemba 2011 wakapewa notisi ya siku saba kupitia gazeti. Siku saba! Walikimbia Mahakama Kuu, wakapata amri ya kusimamisha. Novemba 2011 kijiji kikabomolewa hata hivyo, pamoja na shule. Mwaka wa 2013 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba haki zao zilikiukwa. Mwaka wa 2016 Mahakama ya Rufaa ikapindua. Mnamo Januari 11, 2021, Mahakama ya Juu ikasema kitu ambacho mawakili wa msaada wanakitumia hadi leo: mtu anayeishi kwa ardhi ya umma bila hati bado anaweza kulindwa na haki ya makao, na korti inaweza kuendelea kusimamia jinsi haki hiyo inavyotekelezwa. Kisha ikarudisha kesi Mahakama Kuu ili ipange fidia na suluhisho.

Mtoto aliyekuwa na miaka tisa siku ya kubomolewa alikuwa na kumi na minane siku ya hukumu hiyo. Walishinda, ndiyo. Lakini ushindi wa miaka tisa baadaye hauwezi kumrudisha mtu kwa godoro lake. Ukisoma Mitumba ndio unaelewa kwa nini wakili anapigania siku za mwanzo kuliko hukumu ya mwisho.

Na kuna wakati hata siku hazitoshi. Mei 2020, katikati ya korona, maelfu ya watu walibomolewa Kariobangi licha ya amri ya mahakama. Baada ya mafuriko ya 2024, nyumba za kando ya mito Mathare na Mukuru zilibomolewa, na serikali ikatangaza shilingi 10,000 kwa kila familia iwasaidie kuhama. Sikatai, kando ya mto ni hatari, watu walikufa. Lakini rudi kwa ile hesabu yangu ya 14,500 uniambie kama 10,000 inafika, hasa mkitafuta vyumba wiki moja nyinyi nyote na malandilodi wanajua.

Nilimwona pia akishindwa. Alhamisi ya tatu alikuja baba mmoja na notisi iliyokunjwa vizuri mfukoni. Kidole kikaenda kwa tarehe. Ilikuwa imepita kwa siku kumi na moja, na nyumba ilikuwa imeshabomolewa jana yake. Wakili alinyamaza kidogo, halafu akaanza kupiga simu: mahali pa kuweka vitanda, mwalimu mkuu wa shule ya watoto, mtu mwenye mkokoteni. Alifanya yote hayo vizuri. Lakini nilimsikia akisema chini chini, "Angekuja wiki mbili mapema." Baba naye alisema, "Sikujua kuna mahali pa kwenda."

Hayo maneno ndiyo yalinifanya niandike. Mahali pa kwenda papo, ingawa hapatoshi. Kituo cha Sheria kimefanya kazi hii tangu 1973. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na ikatambua pia wasaidizi wa kisheria, watu wa mtaani waliofunzwa kuelekeza wenzao, ambao si lazima wawe mawakili. Mimi niliyeacha chuo nilipenda sana hiyo. Kumbe kuna kazi hapa kwa watu kama sisi: kusoma, kutafsiri, kuhesabu siku, kupeleka mtu kwa meza inayofaa.

Kwa hivyo nilijaribu. Nilitengeneza video ya dakika mbili nikieleza jinsi ya kusoma notisi ya kuhama. Hakuna muziki, hakuna machozi, ni mimi na karatasi. Ilipata watazamaji 412. Wiki hiyo hiyo video yangu ya kuiga makanga ilipita 90,000. Lakini kati ya wale 412, watu kumi na mmoja walinitumia picha za notisi zao. Mmoja alikuwa amebakisha siku tano. Nilimwelekeza kwa ukumbi wa kanisa, na najua alifika, kwa sababu wakili alinitumia neno moja: "Tumempata."

Sasa, mimi si wakili, na usinichukulie kama mmoja. Lakini haya madogo yako ndani ya uwezo wako leo. Lipa kodi kwa njia inayoacha alama, M-Pesa au benki, na usifute meseji. Ukilipa taslimu, dai risiti hata kama keateka atanuna. Mkielewana kwa mdomo kuhusu deni, mtumie meseji baadaye ukirudia mliyokubaliana. Notisi ikija, piga picha ikiwa bado mlangoni, andika siku na saa uliyoiona, na aliyeileta. Usivunje kufuli, usipigane na madalali, waombe majina na leseni. Halafu tafuta msaada siku hiyo hiyo, si siku ya mwisho.

Na kama karatasi kama hiyo iko kwako sasa hivi, au kwa mathe wako, au kwa jirani ambaye hasomi Kiingereza, nitumie picha yake kwa ujumbe wa siri, si hapa mbele ya watu. Hakikisha tarehe inaonekana.